Mushtari Mikononi mwa Mafundi wa Ridhaa

Picha ni ya tarehe 24 Oktoba 2017. Imejaa buluu kutoka pembe hadi pembe: buluu ya nili, buluu ya bahari penye kina kirefu, na buluu iliyopauka hata ikakaribia maziwa. Ndani yake mawingu yamejikunja na kujisokota mfano wa povu lifuatalo nyuma ya jahazi, na juu ya mikunjo hiyo vimesimama vijiwingu vyeupe vidogo vidogo, kila kimoja kimelaza kivuli chake upande mmoja. Hayo ni mawingu ya sayari ya Mushtari, upande wake wa kaskazini, kama yalivyonaswa na chombo cha angani Juno kutoka umbali wa kilomita 18,906. Walioifanyia kazi picha hiyo ni wawili: Gerald Eichstädt, Mjerumani mwenye taaluma ya hisabati, na Seán Doran, msanii wa picha aishiye Uingereza. Wote wawili hawakuwa watumishi wa NASA, shirika la anga la Marekani lililokituma chombo hicho. Ni mafundi wa ridhaa, kwa maana ile ile itumikayo katika mpira: wanaocheza kwa mapenzi ya mchezo.

Ni picha nzuri mno, na uzuri wake ndio unaoleta swali. Buluu hiyo, kwa ukolezo huo, haimo katika sayari. Lau mtu angelikaa dirishani mwa chombo siku ile, angeliona rangi zilizofifia, za maziwa na udongo, mfano wa chai iliyomwagikia kitambaa cheupe kikafuliwa mara moja. Basi buluu imetoka wapi, na aliyeitia ana haki gani ya kuitia?

Watu wa mwambao wanamjua Mushtari kwa jina tangu zamani. Yumo katika hesabu za falaki pamoja na Zuhura, Mirihi, Zuhali na Utaridi, na kila mwenye macho amemwona aking'ara usiku bila ya kumetameta. Jina lake, kwa Kiarabu, ndilo hilo hilo la mnunuzi, ambalo Kiswahili nacho kimelipokea kikasema mshitiri. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba sayari yenye jina la mnunuzi ndiyo ambayo picha zake zimegawiwa watu bure.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Juno ilirushwa kutoka Florida tarehe 5 Agosti 2011, ikamfikia Mushtari Julai 2016. Ilibeba ala za kupima mvuto wa sayari, usumaku wake na yaliyomo chini ya mawingu yake. Kamera, iitwayo JunoCam, iliyotengenezwa na kampuni ya Malin Space Science Systems ya San Diego, haikuwamo katika ala za lazima za utafiti. Ilitiwa kwa ajili ya umma. Candice Hansen wa Planetary Science Institute, aliyeiongoza kazi ya kamera hiyo, hakuwa na kikosi kikubwa cha kuchakata picha. Badala yake, picha ghafi ziliwekwa wazi, kila atakaye azichukue, azifanyie kazi kwa namna aionayo, na kuirudisha kazi yake ionwe na wengine. Katika mizunguko ya mwanzo umma ulipigishwa hata kura ya kuchagua mahali gani pa sayari papigwe picha.

Picha ghafi, msomaji aelewe, si picha. Chombo hicho huzunguka kama pia, mizunguko miwili kwa dakika, na kamera yake haina uwezo wa kuiona sayari nzima kwa rangi zote kwa mpigo mmoja. Humega utepe mmoja kwa chujio la buluu, mwingine kwa la kijani, mwingine kwa jekundu, kisha chombo kikigeuka kidogo humega tena. Kinachofika duniani ni tepe nyembamba zilizopangwa moja chini ya nyingine, za rangi ya kijivu, zenye vipande vya mawingu vilivyorudiwa na kupishana. Aliyewahi kuona ukili uliokwisha sukwa ukisubiri kushonwa mkeka ameiona picha ghafi ya JunoCam. Mkeka umo wote ndani ya ukili ule, lakini hakuna awezaye kuulalia.

Anayeshona lazima ajue mengi. Chombo kikipita karibu kabisa na sayari, kilomita 4,000 na kitu juu ya mawingu, kinakwenda kwa kasi ya kiasi cha kilomita 58 kwa sekunde. Baina ya utepe na utepe kimekwisha hama. Lenzi nayo hupinda mistari. Sayari yenyewe inajizungusha mara moja kwa muda usiotimia saa 10. Yote hayo lazima yapigiwe hesabu ndipo tepe zikutane bila ya kuacha mshono wala upindo wa rangi. Eichstädt alijiandikia mwenyewe programu za kompyuta za kufanya hesabu hizo, na hapo pana somo kwa wanaodhani kuwa ridhaa ni jina jingine la ubabaishaji. Jina lake limepata kuwamo miongoni mwa waandishi wa makala za kisayansi kuhusu Mushtari.

Mpaka hapo hakuna ugomvi. Ushonaji una sahihi na makosa yake, na mshono mbaya hujionyesha wenyewe. Ugomvi huanza mkeka ukishakuwa mzima, fundi akauendea na rangi.

Mfano ulio bora wa kulinganisha ni wa mpito mmoja tu. Tarehe 10 Julai 2017 kwa saa za California, ambapo Afrika Mashariki ilikuwa tayari alfajiri ya tarehe 11, Juno ilipita juu ya lile Doa Jekundu Kubwa, tufani ambayo wanadamu wameifuatilia kwa darubini zaidi ya miaka 150. Kwa kipimo cha Aprili mwaka huo, upana wake ulikuwa kilomita 16,350, mara 1.3 ya upana wa dunia. Tepe zilipowekwa wazi, mafundi walizirukia. Siku chache tu baadaye NASA ilitoa picha za watu watatu, Eichstädt, Jason Major na Kevin Gill, zote zikiwa na rangi zilizokolezwa. Katika picha za namna hiyo Doa ni kaa la moto. Wekundu wake umesimama peke yake dhidi ya mawingu yaliyotiwa weupe, na ndani yake misokoto midogo inaonekana moja moja, kama nyuzi za kitambaa kilichovutwa.

Baadaye kidogo ikaja kazi ya Björn Jónsson wa Iceland, iliyotokana na tepe za mpito huo huo, kutoka kilomita 13,917 juu ya mawingu. Jónsson alijiwekea sharti gumu: kuonyesha kile ambacho jicho la mwanadamu lingekiona kutoka pale kilipokuwa chombo. Doa lake ni la rangi ya tofali la zamani lililonyeshewa, nalo halina ukingo mkali; linayeyuka taratibu ndani ya mawingu ya maziwa. Kivuli cha ukingo wa sayari kimeachwa kilivyo, hivyo mtazamaji anakumbuka kuwa anatazama tufe. Watu wengi wataitazama picha hiyo kwa nukta mbili na kurudi kwenye kaa la moto. Wanakosea. Ndiyo picha iliyo ngumu zaidi kuifanya kati ya zote za mpito ule, kwa kuwa fundi amejinyima kila kitu ambacho kingempa sifa za haraka, na anayekaa nayo muda mrefu huanza kuhisi ukubwa wa kitu hicho kwa namna ambayo ule moto hauwezi kumpa. Wekundu mkali humvuta mtu kwenye rangi. Wekundu uliofifia unamlazimisha kutafuta mpaka, na mpaka haupatikani.

Hata hivyo si haki kumfanya Jónsson kuwa mkweli na wengine waongo. Yeye naye amechagua. Vichujio vya kamera si macho ya binadamu, basi rangi ya kweli ni makisio yenye adabu. Mwanga wa jua unaofika kwa Mushtari ni kiasi cha sehemu moja kati ya 27 ya ule unaofika duniani, na fundi hana budi kuamua picha iwe na mwangaza gani. Hakuna namna ya kuitoa picha kwenye tepe zile bila ya mkono wa mtu.

Na rangi iliyokolezwa ina kazi yake. Turudi kwenye ile picha ya buluu. Kwa kuivuta tofauti baina ya mwanga na giza, Eichstädt na Doran wamekitoa nje kitu ambacho katika rangi za kufifia kingepotea: vile vivuli vya vijiwingu vyeupe. Kivuli ni habari. Kinasema kuwa wingu hili liko juu ya jingine, na kwa kuwa pembe ya jua inajulikana, mtu anaweza kukadiria limenyanyuka kiasi gani. Mtazamaji anayadiriki mawingu ya Mushtari kuwa ni nchi yenye vilima na mabonde, wala si karatasi iliyopakwa. Hapo ukolezi umetumikia maana. Penye dosari ni pengine: mwanga umesawazishwa mno katika picha nzima, pembe na katikati vikang'aa sawa, na hivyo tufe limepotea. Kinachobaki ni kitambaa cha thamani kisicho na mwili wa kukivaa. Hilo ni kosa la picha nyingi za mafundi hawa, na linatokana na uroho wa kutaka kila mahali paonekane kwa usawa.

Wapenzi wa mashairi wanao mfano wa kazi hii mikononi mwao, nao ni takhmisi. Mshairi huuchukua utungo wa mwenziwe, pengine aliyefariki zamani, wenye mishororo miwili kwa beti, akautangulizia mitatu yake mpaka ukawa wa mitano. Hakuna aliyewahi kumwita mtu huyo mwizi au mwongo. Sababu ni kuwa kila msikilizaji anajua mishororo ipi ni ya nani: ya mgeni hutangulia, ya mwenyeji hufuata, na ustadi wote hupimwa pale zinapokutana. Fundi wa Mushtari anafanya takhmisi ya mawingu. Lakini yeye ana shida ambayo mshairi hana. Nyongeza yake haikai katika mishororo yake pekee. Imeingia ndani ya kila nukta ya picha, ikachanganyika na asili hata hakuna jicho liwezalo kuzitenga. Kwa hiyo kile ambacho mpangilio wa beti unakifanya katika takhmisi hakina budi kufanywa na maneno yaliyo chini ya picha. Maneno hayo ni sehemu ya kazi. Yakiondolewa, kazi imekatwa.

Anayeona kuwa hilo ni jambo dogo na amtazame Neptune. Chombo Voyager 2 kilipompita mwezi wa Agosti 1989, picha zake zilikolezwa ili mikanda na mawingu yake yaonekane, na maelezo ya wakati ule yalisema hivyo waziwazi. Kisha miaka ikapita, maelezo yakadondoka njiani, picha ikaendelea na safari peke yake. Watoto wa skuli wa dunia nzima wakakua wakijua kuwa Neptune ni wa nili na jirani yake Uranus ni wa kijani kilichopauka. Januari 2024 Patrick Irwin wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walitoa hesabu yao mpya, ikaonekana kuwa sayari hizo mbili zinakaribiana sana kwa rangi, zote zikiwa za kijani na buluu iliyofifia, na Neptune kuzidi buluu kidogo tu. Hakuna aliyesema uwongo mwaka 1989. Mstari mmoja wa maandishi ulipotea, ukatosha.

Msiba wa aina hiyo haukuwafika wanafalaki peke yao. Tenzi ngapi zimepita mikononi mwa wanakili waliojaza beti iliyoliwa na mchwa, kwa nia njema kabisa, wasitie alama yoyote pembeni, na leo beti ile inasomwa kuwa ya mtunzi? Hati za Kiarabu zilizoandikiwa Kiswahili, ambazo mara nyingi haziitengi e na i wala o na u, zilimtaka kila msomaji aamue mwenyewe. Waliozigeuza kuwa hati za Kirumi waliamua, nao hawakueleza kila mara wapi waliamua.

Si kila kinachofanywa na mafundi hawa kinastahili uzito huu. Mei 2017 Jason Major aliigeuza picha moja juu chini, madoa mawili yakawa macho, na Mushtari akawa na uso wa kukunja. Oktoba 2023 ikatolewa picha ya Vladimir Tarasov, ya mawingu ya kaskazini yaliyopigwa Septemba mwaka huo kwenye mpaka wa usiku na mchana, nayo ina uso wa kutisha. Waliyoitoa walisema ni kwa siku ya kuzaliwa ya Picasso. Ni mizaha, na mzaha si haramu. Lakini uso ni kitu ambacho binadamu hukiona popote, penye ukuta wenye ukungu na penye nazi, na mtu akishauona haoni tena kingine. Mawingu yaliyokwenda mamilioni ya kilomita kuonwa yakageuzwa kioo. Katika ile ya Tarasov angalau mna giza la kweli la mpaka wa usiku, nalo lina haiba ya peke yake endapo mtazamaji ataweza kuusahau uso.

Kinyume chake ni picha ya ncha ya kusini iliyotengenezwa na Betsy Asher Hall na Gervasio Robles, ikatolewa Mei 2017. Ukipenda, hiyo ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli kuliko zote. Inaonyesha ncha nzima ikiwa mchana, na ncha nzima haiwi mchana wakati mmoja hata siku moja. Nusu yake huwa gizani. Mafundi walichukua picha za mizunguko mitatu tofauti, zilizopigwa majuma kadhaa baina ya moja na nyingine, wakaunganisha sehemu zilizoangazwa. Matokeo yake ni bakuli la buluu na kahawia lililojaa vimbunga, vingine vya upana wa kilomita 1,000, vimekaa bega kwa bega bila ya kumezana. Hakuna aliyewahi kuyaona mandhari hayo na hakuna atakayeyaona. Pamoja na hayo ni kazi adilifu kupita nyingi, kwa kuwa maelezo yake yanaeleza yote: mizunguko mitatu, rangi zilizokolezwa, makadirio ya ramani yaliyotumika. Na picha inasema jambo ambalo hakuna utepe mmoja ungelisema, kwamba ncha ya Mushtari haina mikanda ile iliyozoeleka, ambamo pepo huvuma mashariki na magharibi kama kaskazi na kusi zilizopangiwa zamu moja. Kule ni vimbunga vitupu.

Yupo pia fundi wa ridhaa ambaye hakuhitaji rangi hata kidogo. Clyde Foster, alfajiri ya tarehe 31 Mei 2020, alimwelekezea Mushtari darubini yake huko Centurion, Afrika ya Kusini, akiwa na chujio la mwanga ule unaofyonzwa na gesi ya methani. Kwa chujio hilo, wingu lililo juu sana hung'aa na lililo chini huzama gizani. Aliona nukta nyeupe kusini-mashariki ya Doa Jekundu, ambayo saa chache kabla yake haikuwamo katika picha za watazamaji wa Australia. Tufani mpya ilikuwa imechipuka. Siku mbili baadaye, tarehe 2 Juni, Juno ikapita karibu na mahali hapo, na Kevin Gill akashona tepe zake. Katika picha ya Gill nukta ya Foster ina umbo, ina mikunjo, ina rangi. Wenye kuzijua habari hizi huliita Doa la Clyde. Picha hizo mbili zinafaa kutazamwa pamoja, ya Foster kwanza, maana bila ya ile nukta isiyopendeza hii nzuri isingekuwa na cha kueleza.

Kamera yenyewe ilitarajiwa kuhimili mizunguko 8 ya mwanzo. Imekaa nje ya kasha la titani linalokinga vyombo vingine dhidi ya mnururisho mkali wa Mushtari, na Desemba 2022, katika mzunguko wa 47, ilianza kuonyesha majeraha. Kufikia mzunguko wa 56, Novemba 2023, karibu kila picha ilikuwa imechanwa na michirizi. Wahandisi waliipasha moto kwa makusudi, mbinu ya kukata tamaa ambayo haikuwa na uhakika, na tarehe 30 Desemba 2023, chombo kilipopita kilomita 1,500 juu ya mwezi Io, picha zikarudi karibu na uzima wake.

Picha za mzunguko wa 56 hazikufutwa. Zimehifadhiwa pamoja na nyingine, na michirizi yake, kwa yeyote atakaye kuzichukua. Fundi atakayezigusa atakuta pahala ambapo mchirizi umepita juu ya wingu na wingu halipo, na itambidi aamue kama atalijaza kwa kukisia kutoka pande zake mbili au ataliacha pengo.